Nafunga nyumba miezi saba, na mfereji wa bomba wa nje ndo tegemeo la majirani

Fundi, asalaam aleikum. Nakuandikia kichwa kinaniuma, siku za safari zimebaki chache na kila mtu ananambia lake.

Mie nakaa upande wa Bububu, nyumba yangu mwenyewe. Kisima kipo uani, mota inapandisha maji kwenye tangi la lita 2,000 juu ya mnara, na laini ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, nayo inaingia humo humo tangini. Mwanangu alieolewa Muscat ana mimba ya mapacha, nakwenda kumlea, na safari hii si ya wiki mbili, ni miezi saba kamili inshaallah. Nyumba inabaki haina mtu.

Mara iliyopita nilikaa huko miezi mitano. Funguo nikamwachia shemegi yangu, nikamwambia pitapita uangalie, akawa anapita kila akikumbuka. Basi ule mpira wenye waya ulio chini ya beseni la kunawia ukapasuka, na mota yangu ni otomatiki, tangi likipungua inawaka wenyewe, ikawa maji yanamwagika ukumbini inapandisha mengine, yanamwagika inapandisha, mpaka yuniti za tukuza, umeme wa kulipia kabla, zikaisha. Wallahi kilichoninusuru ni umeme kwisha! Shemegi alipokuja kukumbuka mazulia yameoza, kabati limevimba kwa chini, milango imeumuka kama maandazi. Na nilipofika mie mwenyewe, ukifungua mlango wa choo harufu inakupiga usoni, mende wanatoka kwenye tundu la sinki kama wana mkutano, na ndani ya tangi nikaona vidudu vinachezacheza, mabuu ya mbu.

Sasa safari hii nataka kufunga vizuri lakini hapo ndipo penye mtihani. Marehemu mama alitoa mfereji nje ya ukuta watu wateke, nia yake sadaka. Nyumba kama sita zinautegemea, na watoto wa chuo cha Kurani nyuma yangu wanatia udhu hapo hapo. Nikifunga kila kitu nitasemwa, na zaidi ya kusemwa roho yangu haitatulia.

Mpwa wangu wa Canada kanambia nikaushe bomba zote kwa kompresa na vyooni nitie antifrizi, eti wao ndo wanavyofanya wakisafiri. Shemegi anasema niache maji yajae kila pahala maana bomba zikikauka zinapasuka. Na kijana mmoja fundi wa mtaani kasema kwenye karo, shimo la maji machafu, nimimine dizeli lita tano, mbu wote watakufa. Nimsikilize nani?

Bibi wa mapacha, Bububu

---

Waaleikum salaam bi mkubwa, na hongera ya wajukuu kabla hawajafika, Mungu awafikishe salama.

Katika kazi hii mie nina neno moja nimelishikilia miaka yote: nyumba ya kufungwa ama iwe kavu, ama awemo mtu anaetumia maji kila siku. Ile ya katikati, tangi limejaa, mota otomatiki, shemegi anapitapita, ndo iliyokula mazulia yako. Na kwako wewe uzuri ni kwamba unaweza kuvipata vyote viwili kwa mpigo, ndani pakavu na nje pakatumika, nitakueleza.

Kwanza tummalize mpwa wako. Hajakosea, ila anasema ya kwao. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, kwa hiyo bomba lililojaa likigandishwa na baridi linapasuka, ndo maana wenzetu wanazikausha na kutia hiyo antifrizi. Huku barafu tunaijua ya kwenye friji, na umeme ukikatika hata humo haikai. Antifrizi nyengine ni sumu, wewe una kisima uani, usithubutu. Maadui zetu sie ni chumvi ya pwani, mipira iliyozeeka, mbu, na mtu aliesahau mfereji wazi.

Shemegi nae nusu yake kweli. Bomba la plastiki halipasuki kwa kukauka, linapasuka kwa kupigwa jua miaka na miaka (zile zinazopanda mnara zipake rangi, yoyote tu), lakini nyumba za zamani zenye bomba za chuma ukizimwaga zikabaki na unyevunyevu na hewa zinaliwa na kutu haraka kuliko zikijaa. Hizo mie naziacha na maji yake, nafunga koki kuu basi, presha isiwepo. Tazama bomba zako, kama ni plastiki, zimwage.

Sasa mfereji wa mama. Panda mnarani au mtume kijana, tazama bomba linaloteremka kutoka tangini. Mahala fulani lazima ligawane, tawi moja linaingia ndani ya nyumba, moja linakwenda nje ya ukuta. Baada ya hapo yanapogawana, kwenye lile tawi la ndani tu, inawekwa koki yake pekee. Usiweke geti valvu ile ya kuzungusha zungusha, ikikaa inanasa mchanga na chumvi, unaikaza mpaka mkono unauma na maji bado yanapita, weka ile ya mkono unaogeuza robo tu. Ukishaifunga, nyumba imekatika, na mfereji wa nje unaendelea kama kawaida. Kazi ya asubuhi moja kwa fundi anaejua. Ikiwa zimegawana ndani ya ukuta au chini ya sakafu, basi lichukuliwe bomba jipya la nje moja kwa moja kutoka tangini, usikubali kuvunjiwa ukuta wiki ya kusafiri.

Na unaona faida yake? Majirani wakiteka kila siku tangi halilali na maji yale yale, kwa hiyo zile hofu za maji kuoza tangini zinapungua sana, wanakufanyia kazi bila ya wao kujua. Na mtu akiusahau mfereji wazi, yatamwagika njiani, si ukumbini kwako.

Inabaki mota, na hapa ndo unatakiwa uwe mkali kidogo. Ile otomatiki iondoe. Miezi saba hiyo inapita na kaskazi, kisima kinashuka, mota ikivuta hewa badala ya maji inajipika yenyewe, sili inayeyuka na waya ndani zinaungua. Mwambie fundi umeme aipe mota breka yake peke yake na swichi pahala pa nje panapofungwa kwa kufuli, nyumba nyengine yote izimwe kwenye swichi kubwa. Funguo ya hiyo swichi mpe mama mmoja tu kati ya hao wanaoteka, yule unaemjua hasahau, awashe asubuhi, tangi likijaa azime. Na yuniti za tukuza wachangie wao. Usione haya kuwaambia bi mkubwa, maji ni sadaka yako na ya mama, umeme wachange, na mtu akichangia kitu anakitunza.

Laini ya ZAWA mie ningeifunga pale pale kwenye mita. Boya la tangini, lile linalokata maji tangi likijaa, likikwama usiku yanamwagika mpaka asubuhi na mita inahesabu, na hakuna wa kuliangalia. Piga picha ya mita siku unayoondoka, nambari zionekane. Halafu wiki hii hii, kabla ya yote, fanya jaribio hili: funga mifereji yote ya nyumbani, lifunge na boya kwa kulifunga kamba juu, kisha tazama mita kama inatembea. Ikitembea, kuna bomba linavuja chini kati ya mita na tangi na ulikuwa unalipia bila kujua.

Kwenye vyoo kuna jaribio jengine, la jikoni. Chukua rangi ya biriani, tia kijiko kwenye tangi la flashi, usiflashi, subiri dakika 15. Ukiona maji ya ndani ya bakuli la choo yamegeuka manjano, ule mpira wa chini haufungi, maji yanapita kimya kimya mchana na usiku. Kwa safari hii haitakudhuru kwa vile koki imefungwa, lakini utengeneze tu, ukirudi utapumzika.

Siku ya mwisho, baada ya kuoga, funga ile koki mpya. Fungua mfereji ulio chini kabisa, kisha ule wa juu kabisa ili hewa iingie, wacha yatoke mpaka yakatike. Kama hayakatiki, yanachuruzika tu, koki haishiki. Flashi vyoo vyote, maji yaliyobaki kwenye matangi ya flashi yafyonze kwa sponji. Halafu bi mkubwa, FUNGA MIFEREJI YOTE TENA. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu ya yaliyotukuta hapa kwetu. Ule umeme uliokatika miezi mitatu Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, watu wengi pampu zilikuwa hazifanyi kazi, mtu anafungua mfereji kuona kama maji yapo, hamna, anaondoka. Umeme uliporudi niliitwa nyumba tatu siku moja, zote zimeogelea, zote mfereji uliachwa wazi na mwenyewe yuko kazini. Mfereji usiotoa maji ndo wa hatari, maana hakuna anaeukumbuka.

Ile mipira yenye waya chini ya masinki, na ya vyooni pia, ibadilishe yote ukirudi kama sasa huna wasaa. Ule waya wa nje unaonekana ni chuma kumbe nguvu ipo kwenye mpira wa ndani, na hewa yetu ya bahari inakula ule waya nyuzi moja moja. Ukiona vidoa vya kutu au nyuzi imechomoka, umekwisha. Mie sikai nao zaidi ya miaka mitano.

Harufu na mende: chini ya kila sinki, kila tundu la sakafuni na ndani ya choo chenyewe kuna goti, bomba limepinda limebakiza maji kama sentimita tano au saba. Maji hayo ndo mlango. Nyumba ikifungwa kwa joto letu wiki kadhaa tu yamekauka, mlango uko wazi, hewa ya karo na mende wanapanda. Dawa yake ni rahisi: siku ya kuondoka jaza maji kila goti, kisha juu yake tia vijiko viwili vitatu vya mafuta, yanaelea na kuyazuia maji yasikauke. Yatumie yale mafuta ya watoto wachanga, hayaozi. Mafuta ya nazi watu wanayapenda kwa vile yapo jikoni, lakini yanachacha na sisimizi wanayafata, na usiku wa kipupwe yanaganda. Kwa choo tia zaidi kidogo, teremsha kifuniko, tandika karatasi la nailoni na uweke kitu kizito. Tundu za bafuni ziba kwa mfuko wa nailoni wenye mchanga ndani, mende hapiti hapo labda awe na jembe.

Sasa huyo kijana wa dizeli. Mwambie nimekataa, na kama ataudhika aje kwangu. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lina matundu na nyufa, kinachomwagwa karoni hakichukui siku nyingi kufika kwenye maji ya chini. Karo lenyewe linatakiwa liwe mbali na kisima, kawaida inasemwa mita 30, na nyumba ngapi Bububu zina mita hizo? Utawanywesha watoto wa chuoni dizeli.

Na wala huhitaji kwenda mbali kutafuta njia nyengine, imefanywa hapa hapa kwetu. Kule Makunduchi mwaka 1988 walimimina kwenye vyoo vya shimo vyenye maji vile vidonge vidogo vyeupe vya plastiki nyepesi, jamii ya ile inayofungiwa tivii mpya isivunjike. Vinaelea, vinafunika juu kote, mbu hapati pa kutaga na buu hapati pa kutoa mkia kuvuta pumzi. Ilikuwa vita ya matende na mabusha, pamoja na vidonge watu waliopewa kumeza, na mbu wa vyooni walipungua sana. Kwa karo lako lililofunikwa zege sikwambii utafute hivyo, we hakikisha kifuniko kimekaa sawa, ziba nyufa kwa saruji, na lile bomba la kupumulia lifunge wavu wa mbu mdomoni kwa waya. Mbu wa karo hao wanapita hapo hapo. Zaidi ya hayo karo liache, usilimwage, usilitie chochote.

Kama majirani watashindwa kukubaliana habari za yuniti (yanatokea, watu sita mawazo saba), basi fanya hivi. Mota izimwe kabisa, tangi limwagwe mpaka chini, na kisima kiachwe na kamba na ndoo na kifuniko kizuri, wateke kwa mkono kama zamani. Tangi likishamwagika lisugue ukuta wake wa ndani kwa brashi, usiishie kumwaga tu, kwa sababu yule mbu mwenye madoa meupe, wa dengi, anataga mayai pale mstari wa maji unapoishia na yale mayai yanakaa makavu miezi, siku maji yakirudi yanaanguliwa, na katika siku kama nane au kumi ushakuwa na mbu wapya. Kifuniko kikaze, bomba la kumwagikia lifunge wavu. Na tangi tupu ni jepesi, upepo wa kusi umeshaangusha matangi mengi kutoka minarani, lifunge kamba ya katani au waya nne pembe nne.

Hita la bafuni kama unalo, kumbuka jambo moja tu: breka izimwe, na ukirudi usiiwashe mpaka umeona maji yanatoka kwa nguvu kwenye mfereji wa moto. Nilishawahi kuwasha hita tupu kwa mteja, element ikaungua kabla sijashuka ngazi. Nikalinunua mimi.

Ukirudi usikimbilie kuoga, najua safari inachosha. Fungua madirisha kwanza. Geuza koki ya nyumba polepole, nusu, sio kwa mpigo, na uwe umeshafungua mfereji wa mbali kabisa ili hewa itoke huko, itakohoa kohoa na maji ya mwanzo yatakuwa na rangi ya chai. Kichwa cha shawa kifungue, yaache yatiririke bila kurusha rusha, mwenyewe toka nje ya bafu. Kuna kidudu kinaitwa Legionella, kilijulikana baada ya watu kuugua mapafu kwenye mkutano wa hoteli moja Philadelphia mwaka 1976, kinapenda maji yaliyolala ya vuguvugu, nyuzi 25 mpaka 45, yaani bomba za kwetu kila siku. Mtu hakipati kwa kunywa sana sana, anakivuta kwenye ule mvuke na vitone vya shawa. Dakika chache za kuyaacha yapite zinatosha kwa mfereji mmoja mmoja.

Tangi kama lilikaa tupu, jaza, tia dawa ya maji maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ile isiyo na manukato ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000, kwa hiyo lako ni lita tatu. Lilaze usiku mzima, mwaga yote, jaza upya. Hayo ya mwanzo asinywe mtu wala kuku. Na mota kama haikuguswa miezi saba usibonyeze swichi tu, chumvi inaikamata. Nyuma kwenye feni kuna shafti, izungushe kwa bisibisi mpaka ilegee, itilie maji kichwani, ndo uwashe. Ikivuma bila kuzunguka zima hapo hapo.

Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo chini ya masinki, unyevu mdogo jicho halioni ila karatasi inaona.

Shemegi mwache na funguo ya geti tu, apite awape salamu paka. Kabla fundi hajakata kitu, nipigie picha lile bomba linaloteremka kutoka tangini, kuanzia juu mpaka linapoingia ukutani, uniletee nikuoneshe pa kukata.